Kibuyu cha Mama Kilichopasukia Melini

Kwako Mama Apolonia, shikamoo. Kabla sijafika mbali nakuomba usinicheke, maana nimekwisha kuchekwa na sitaki kuongezewa, ninachotaka ni msaada wako, na kama msaada huna basi angalau uniambie kama jambo ninalotaka kulifanya ni dhambi, kwa sababu kulifanya nimeshadhamiria.

Mimi naitwa Anatoli, karani wa kupima pamba hapa Ushirombo, umri wangu miaka ishirini na saba, mtoto wa mwisho wa mama yangu Lukresia ambaye ni mjane. Mchumba wangu ni Paskazia, mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa kwetu, ila kwao ni Kamachumu, upande wa Bukoba. Tunapendana, hilo halina mgogoro. Mwezi wa kwanza mwaka huu wa 1981 nilitakiwa nipeleke posa kwao, na katika ukoo wetu mtu haendi posani mikono mitupu, huenda na kibuyu cha wanzuki, pombe ya asali, aliyoipika mama yake kwa mkono wake, akaziba mdomo wa kibuyu kwa majani na kuufunga kwa kamba ya gome, na fundo lile halifunguliwi njiani na mtu yeyote, mwenye ruhusa ya kulifungua ni baba wa binti peke yake, akishalifungua ndipo maneno yanaanza.

Mama hakuwa amepika wanzuki tangu baba afariki, na huu ni mwaka wa nne. Baba alikuwa mrina asali, na asali ya mwisho aliyoirina kabla hajafa ilikuwa madumu mawili, mama aliyaficha uvunguni mwa kitanda na hatukuruhusiwa kuionja hata tulipougua kifua, lakini siku nilipomwambia habari za Paskazia alilivuta dumu moja kutoka uvunguni, akalipangusa vumbi kwa kanga aliyojifunga, akaniambia, "Baba yako hawezi kwenda kukusemea, ng'wanone, mwanangu. Asali yake itakwenda." Alipika, akatia katika kibuyu cha kwetu, kinene cha tumbo na kifupi cha shingo, na katikati ya yale majani ya kuzibia akachomeka kipande cha tete chenye tundu, akanionya mara mbili, "Hili tete usilizibe, pombe bado inachemka, inataka kupumua."

Sasa Mama Apolonia, kutoka hapa kwenda Kamachumu kuna basi la kupitia Biharamulo, nalijua, lakini nilikuwa sijawahi kupanda meli, na Paskazia hunisimulia meli kila mara, kwa hiyo nikaona mposaji akifika kwa meli ataonekana mtu, basi tukazunguka mimi na mshenga wangu Bujiku kwa Geita na kivuko cha Busisi mpaka Mwanza. Bujiku ni mtu mzima kuniliko, alichimba dhahabu Geita enzi za mgodi, ana maneno mengi. Bandarini tukakuta ubao umeandikwa kwamba abiria haruhusiwi kupanda na vinywaji vya kulevya kutoka nje, na karani wa mlangoni, kijana mstaarabu tu, alikuwa anawaeleza watu, "Ndugu, vinywaji vyenu kabidhini kwa karani wa mizigo, mtapewa kibandiko, Bukoba mtavipata." Mbele yetu bibi mmoja alikabidhi kibuyu chake cha lubisi, ile pombe yao ya ndizi, akapewa kibandiko na kukifunga kwenye pindo la kanga. Mimi nilitaka kufanya vile vile, lakini Bujiku alinivuta shati akasema, "Wewe nawe. Asali ya Ushirombo ilale na mabaharia, asubuhi ukabidhiwe maji ya ziwa?" Maneno yale yaliniingia.

Tukatoka kwenye foleni, tukakifunga kibuyu kwa blanketi, tukakizamisha ndani ya gunia la michembe, vile viazi vikavu alivyotupa mama kwa ajili ya wakwe, lakini harufu ya asali ilikuwa inatoka kwenye lile tete na ingetuumbua mlangoni, hapo Bujiku akaniuliza kama nina sabuni, na nilikuwa nayo, nusu mche niliopata kwa mgawo dukani baada ya kupanga foleni tangu alfajiri, akaumega, akaukanda, akalishindilia lile tundu mpaka likawa gumu. Karani akauliza kuna nini, tukasema michembe, akasema piteni.

Tulikaa daraja la tatu, na kwa kuwa upepo ulikuwa mkali tuliegemeza gunia kwenye ukuta wenye joto la mitambo. Meli iling'oa nanga, na jua lilikuwa bado liko juu ya maji kile kibuyu kilipopasuka. Mama Apolonia, ule haukuwa mlio wa kibuyu. Watu bado wana vita vya juzi masikioni, wengine walilala sakafuni, michembe ikaruka kila upande, na sista mmoja aliyekaa mkabala na mimi alirowa kuanzia shela mpaka rozari. Sista yule hakunitukana, alijifuta shavu, akanusa kidole, akakilamba, akaniangalia kwa huruma akasema, "Hii ilikuwa nzuri." Yule karani wa mlangoni, kumbe husafiri na meli, naye alikuja, akatazama vigae vya kibuyu, akatazama ubao kama ule wa bandarini uliokuwa ukutani, akaenda akaniletea ndoo na tambara. Nilipiga deki mimi mwenyewe.

Kilichobaki kwenye kitako cha kibuyu kilikuwa kama vikombe viwili, na sabuni imo. Nilitaka kurudi nyumbani, lakini Bujiku alisema kibuyu ni kibuyu na pombe ni pombe, akaenda kwenye baa ya meli akaja na bia na soda za machungwa, na tuliposhuka Bukoba, ambako yule bibi wa lubisi alipewa kibuyu chake kikiwa kizima na kibandiko chake, sisi tulikwenda sokoni tukanunua kibuyu cha kule, chembamba, chenye shingo ndefu, tukavichanganya vyote humo, Bujiku akafunga fundo kama walivyokuwa wakifunga ndoo za shimoni.

Baba yake Paskazia ni Mzee Eustace, mtaratibu, hana haraka ya kusema. Nilimwamkia, nikampa kibuyu kwa mikono miwili. Akakigeuza, akaipapasa ile shingo, akaniuliza, "Mama yako ndiye aliyekifunga?" Nikasema ndiyo, Baba. Akauliza, "Na kibuyu ni cha kwenu Ushirombo?" Nikasema ndiyo, tunavilima wenyewe. Akafungua fundo, akamimina, akaonja, akafumba macho muda mrefu, kisha akampa shangazi yake Paskazia, Mama Epifania, naye akaonja akasema, "Mwanangu, povu lake si la kawaida." Mzee akasema kitu kizuri hakimalizwi siku moja, akakiweka kibuyu kando, tukanywa lubisi yao. Wakati wa kuaga akaniambia, "Posa nimeisikia. Baada ya Pasaka mlete mama yako. Aje na pombe kama hii hii, na aifungue mwenyewe mbele yangu. Siku hiyo nitakupa jibu."

Niliporudi nilimwambia mama kwamba pombe yake imesifiwa, na tangu siku hiyo nyumba haikaliki, ameshawaambia jumuiya nzima, kila baada ya misa anasimamisha watu, anasema, "Wabeja, asanteni, baba yake Anatoli amefika kwa wakwe." Dumu la pili limeshatolewa uvunguni na wiki ijayo anaanza kupika. Zaidi ya hayo anataka apande meli kwa sababu mimi mwenyewe niliisifia, nilipomtisha kwamba ziwani watu wanatapika alinijibu, "Nimezaa sita, nitatapishwa na maji?"

Shida yangu ndiyo hiyo. Wakwe wamesifu kitu kimoja, na mama anapika kitu kingine. Wakionja wanzuki ya kweli watasema siyo ile, watajua nilidanganya, nami Paskazia nitamkosa. Kwa hiyo nimeamua kwamba tukiwa melini, mama akisinzia, mimi na Bujiku tutamwaga kiasi na kuongeza bia na soda ili ladha ifanane na ile waliyoipenda, na Bujiku anasema hata sabuni tutie kidogo kwa sababu ya povu. Paskazia simwambii, ana furaha zake, majuzi alinisomea barua ya baba yake inayouliza kama siku hizi Ushirombo tunalima vibuyu vya shingo ndefu, nikamwambia ndiyo, alicheka mpaka akakaa chini, nami nikafurahi kumwona amefurahi. Sitaki kumwumiza mama na sitaki kumkosa mchumba, na kwa hili sirudi nyuma. Niambie tu, je, ni dhambi, na kama ni dhambi, ni kubwa?

Ni mimi mwenye mashaka,
Anatoli, Ushirombo.

MAMA APOLONIA ANAJIBU

Marahaba, Anatoli. Uliniomba nisicheke, nimeshindwa. Nilipofika kwenye ile shela ya sista nilicheka mpaka wenzangu wa ofisi wakaja kuuliza kama kuna msiba. Sasa nimenyamaza, vuta kigoda, nawe ukae kimya kidogo.

Kwanza pole. Pole kwa kibuyu, na pole zaidi kwa kilichokuwa ndani yake, maana naona mpaka leo hujalia juu ya hilo. Umeandika kurasa nne na umehesabu kila kitu kilichorowa, lakini asali ya baba yako umeipitia mbio mbio kama mtu anayepita nyumba ya mdai wake.

Pili, hebu niambie, nani alikutuma kuzungukia Mwanza? Basi la Biharamulo lipo, umelitaja mwenyewe. Ulitaka kuonekana. Haya, umeonekana, na watu wa daraja la tatu hawatakusahau. Na usije ukamtupia lawama karani wa meli. Alikuambia kwa adabu kwamba kinywaji cha nje hakipandi, kabidhi, utakipata. Yule bibi alikabidhi, akapata. Wewe ulimwamini Bujiku, mtu ambaye sijaona mahali katika barua yako ambapo ameshika asali, kuliko bibi mwenye kibandiko kwenye pindo la kanga. Meli haikukuibia kitu, kijana. Mama yako alisema tete lisizibwe, ukaliziba, na kwa sabuni ya mgawo, ambayo wenzako wanaitafuta wafulie nguo za watoto.

Sasa nikuambie jambo ambalo wewe hujaliona, ingawa umeliandika kwa mkono wako. Mzee Eustace anajua.

Soma barua yako upya. Mtu wa Kamachumu, aliyezaliwa kati ya vibuyu vya shingo ndefu, ameletewa kibuyu cha soko la Bukoba akiambiwa kimelimwa Ushirombo. Ameipapasa ile shingo. Amekuuliza mara moja, ukadanganya. Amekuuliza mara ya pili, ukadanganya tena ukiwa umenyoosha mgongo. Ameonja bia, soda na sabuni, akafumba macho, na wewe ukadhani ni utamu. Huyo alikuwa anatafuta jinsi ya kumeza. Shangazi akakuambia kuhusu povu, ukadhani ni sifa. Kisha kibuyu kikawekwa kando wakanywa cha kwao. Anatoli, tangu lini pombe tamu ikawekwa kando na watu wenye kiu? Na hiyo barua ya vibuyu ni swali la tatu. Paskazia hakucheka kwa furaha zake. Alikuwa anakucheka wewe, na kwa kuwa bado anakuja kukusomea barua, nakuhakikishia kwamba bado anakupenda, ila sijui atangoja mpaka lini uwe mkweli.

Ile "pombe kama hii hii" uliyoambiwa ulete, mzee hakumaanisha bia na soda. Angetaka kukukataa angekukataa siku ile ile, angekuwa na haki, na angekuwa na kibuyu cha ushahidi. Hakufanya hivyo. Amekupa mpaka Pasaka. Amemtaka mama yako, kwa sababu ameona kwamba mtoto hasemi kweli na anataka kuona alikotoka. Sasa wewe unataka kumpelekea mama huyo akiwa amebeba uongo asioujua, aufungue kwa mkono wake mbele ya ukoo wa watu, ili aaibike yeye badala yako. Umeniuliza kama ni dhambi na ukubwa wake. Padri wako yupo hapo misheni, mpelekee mizani yake. Mimi nakuambia ni ukatili, na mtoto wa mwisho hamfanyii mama mjane kitu kama hicho.

Umesema umedhamiria na hurudi nyuma. Vizuri, napenda mtu aliyedhamiria, wengi wanaoniandikia hawajui hata wanataka nini. Basi azma yako ibaki hivyo hivyo, ila uigeuze uso ielekee kwenye kweli. Nisikilize, na ufanye kwa utaratibu huu.

Barua hii ukiisoma, usiimalizie kazini. Nenda nyumbani leo, kabla mama hajalifungua dumu la pili. Usiende na Bujiku. Kaa chini, mwambie, "Mama, wanzuki yako haikufika. Niliziba tete." Anzia hapo, usianzie kwa ubao wa bandarini wala kwa maneno ya Bujiku. Atalia, na pengine atakusema mpaka majirani wasikie. Usimkatize. Anachokililia anakijua, na una deni la kukaa naye humo. Akimaliza, mwambie habari za yule sista. Mwambie kwamba kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyeonja asali ya baba yako siku ile, akiwa amerowa mwili mzima, na bado akasema ilikuwa nzuri. Mama yako atalihitaji neno hilo kuliko sifa zote ulizomtungia.

Kesho yake mwendee Paskazia, umwambie yeye naye. Atacheka tena. Mwache acheke.

Mshenga badilisha. Tafuta mtu mzima wa ukoo wenu, mwenye maneno machache. Bujiku kama anataka sana kwenda, abebe gunia la michembe, na lisiwe na kitu kingine ndani.

Kuhusu safari, mama yako anataka meli na amezaa sita, apande meli. Kibuyu kiwe cha kwenu, kinene cha tumbo, akifunge yeye, akibebe yeye. Mkifika kwenye ule ubao, msinong'one wala msitoke kwenye foleni. Mama akikabidhi kwa karani wa mizigo, amwambie kwamba pombe inapumua, kisiwekwe penye joto wala kisizibwe, halafu akifunge kibandiko kwenye pindo la kanga yake na akae kwenye benchi atazame maji. Na ukimwona yule kijana aliyekuletea ndoo, mwamkie.

Kamachumu usingoje kuulizwa mara ya nne. Kabla mama hajagusa fundo, simama mbele ya Mzee Eustace useme, "Baba, kile cha kwanza niliwadanganya. Cha mama yangu kilipasuka njiani kwa makosa yangu. Hiki ndicho." Halafu kaa. Usijieleze, unapojieleza unaharibu, nimeiona barua yako. Ataonja, na jibu atalitoa yeye. Linaweza kuwa hapana, siwezi kukuficha, binti ni wake. Hata likiwa hapana, utarudi Ushirombo ukiwa umekataliwa wewe mwenyewe, na mama yako atarudi na heshima yake. Lakini mzee aliyemeza sabuni bila kukunja uso ili asimwaibishe kijana wa watu, huyo sidhani kama anatafuta sababu ya kukataa.

Dumu limebaki moja, Anatoli, na hakuna atakayerina jingine. Mama yako alikuambia asali ile ndiyo baba anayekwenda kukusemea. Mara ya kwanza hakufika kwa sababu ulimziba pumzi. Mara hii mama akishalichomeka lile tete, mkono wako usiliguse.